Mitulinga ya Chui

Ninyi vijana munaoingia maabara, labo yetu, na glavu mikononi na kitambaa puani, kwanza niwaulize: nani kati yenu amekwisha kukaa kanisani peke yake kwenye benchi la watu wanane? Mimi. Kila Jumapili. Mwanzo nilikaa na bibi yangu, mama ya watoto wangu, halafu hata yeye akahamia upande wa kwaya, akasema ni kwa ajili ya sauti. Sauti gani? Ilikuwa harufu. Kazi yangu ilikuwa kutoa nyama kwenye mifupa ya wanyama, kuisafisha, kuipanga tena na kuifunga kwa waya, ili wanafunzi wa biolojia waone munyama amejengwa namna gani ndani. Kwenye karatasi ya kazi niliitwa préparateur. Kule Kadutu, nilipokuwa nakaa, niliitwa Papa Supu, baba wa supu.

Ilikuwa miaka ya Zaïre. Majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa, kravate, tai ya shingoni, nayo imekatazwa, na kila mutu alikuwa Citoyen, yaani raia, hata yule aliyekuwa anakupiga mateke. Mimi nilikuwa Citoyen Zihalirwa. Muzee aliyenifundisha kazi alikuwa Citoyen Cirimwami, lakini ukimwita Citoyen alikuwa anageuka nyuma kuangalia nani ameingia. Muzee huyo alikuwa mutu wa Nyantende, mudogo wa mwili, mwenye meno matatu na hasira za mutu mwenye meno yote. Hakusoma sana. Lakini ukimufunga macho na kumupa mufupa mukononi, alikuwa anaugeuza mara mbili tu, anakuambia: mbuzi, muguu wa nyuma, wa kushoto, na alikuwa muzee kama mimi.

Siku yangu ya kwanza aliniwekea sahani nne mezani. Ndani yake mifupa ya mikono minne: ya popo, ya fuko, ya mbwa na ya nyani. Akasema, "Panga."

Nikacheka. Nilijua kwamba bawa la popo ni kitu kingine kabisa, labda fito kama za mwavuli. Nikaanza kupanga. Mufupa mumoja juu. Chini yake miwili. Halafu ile midogo ya kiwiko cha mukono, nilikosea hapo nikapigwa kofi, ni ya kifundo. Halafu vidole. Popo: mumoja, miwili, midogo, vidole, ila vidole vimerefuka kupita mwili wake. Fuko: mumoja, miwili, midogo, vidole, vifupi na vipana vya kuchimbia. Mbwa vile vile. Nyani vile vile. Nikaacha kucheka, nikaanza kujipapasa mukono wangu mwenyewe chini ya meza.

Muzee akaniona. "Unajipapasa nini? Weye pia iko vile vile. Ulikuwa unazani uko na mifupa yako ya pekee?"

Aliyenieleza sababu alikuwa mukubwa wa labo, Citoyenne Nankafu. Yeye ndiye alikuwa anafundisha anatomia. Mama mwembamba, miwani mikubwa, chaki mufukoni mpaka kwenye misa. Alisema wale wanne ni ndugu. Zamani sana, zamani ambayo hata wazee wa wazee wetu hawaifikii, walikuwa na babu mumoja mwenye mukono huo. Watoto wake wakatawanyika, kila ukoo ukauchukua mukono uleule na kuugeuza polepole kwa kazi yake: huyu kuruka, huyu kuchimba, huyu kukimbia. Hakuna aliyepewa mukono mupya.

Mimi, kwa akili zangu zote, nikamuuliza: "Kwa hiyo, Citoyenne, nyani atakuja siku moja kuwa mutu?"

Akavua miwani. "Zihalirwa, weye utakuja siku moja kuwa kuzen yako?"

"Apana, Citoyenne."

"Lakini muko na babu mumoja?"

"Ndiyo."

"Njo vile vile. Endelea kuosha."

Nimesikia maprofesa wengi wakieleza jambo hilo kwa saa nzima, na picha ukutani, na wanafunzi wanatoka wanasema babu yao alikuwa nyani. Mimi nilielewa kwa sababu ya kuzen yangu, binamu wa Kabare, ambaye, Mungu anisamehe, sikutaka kuwa yeye hata kidogo.

Sasa kazi yenyewe. Munyama akifika na nyama, unamuloweka majini siku nyingi mpaka nyama ilegee. Halafu unamuchemsha, moto mudogo, maji na majivu kidogo ya kuni. Moto mukubwa unapasua mifupa. Mutu mwenye haraka aende kuuza maandazi. Halafu jambo ambalo muzee Cirimwami alinipigia kelele miaka yote: supu haimwagwi. Supu inachujwa. Mara mbili. Alikuwa na chujio lake la chuma, tundu ndogo kabisa, alilipenda kuliko watoto wake wa kwanza.

Nilimudharau mpaka siku ya chatu. Tulimuchemsha chatu mukubwa, mimi nikakuta kwenye chujio vijiti viwili vya mufupa, vidogo kuliko kucha. Nikavitupa. Nilifikiri ni mifupa ya panya aliyeliwa na chatu. Muzee alinifukuza mpaka kwenye jalala, nikapiga magoti katikati ya maganda ya ndizi na kutafuta, huku wanafunzi wananiangalia kwa dirisha. Citoyenne Nankafu alipoviona, alivishika kama mutu anayeshika kifaranga. Ilikuwa masalio ya nyonga na miguu ya nyuma. Chatu! Nyoka! Amekwisha kuacha kutembea tangu zamani zile, lakini ndani ya nyama bado anabeba kipande cha miguu ya wazee wake. Citoyenne alikuwa anapenda vitu vya namna ile kuliko mifupa mikubwa. Alisema mufupa mukubwa unakuambia munyama anafanya nini, mufupa usio na kazi unakuambia ametoka wapi. Na akituona tunajisikia bora kuliko chatu, alituambia tujishike makalioni, pale pa kukalia, tutafute mukia wetu.

Muzee alipostaafu aliniachia lile chujio. Na hapo ndipo ubaya ulianzia.

Siku moja amri ikashuka. Sikukuu ya Chama inakaribia, na mukoa unataka mifupa ya chui, chui mzima, amesimama, awekwe mbele ya ukumbi. Munajua chui alikuwa nini wakati ule. Alikuwa kwenye nembo ya taifa, alikuwa kichwani mwa Guide, Rais wetu, kofia yenyewe. Chui akapatikana Shabunda. Wachimbaji wa dhahabu walimuua kule porini kwa sababu alikuwa anakula mbuzi zao. Ngozi, bila shaka, ilipotea njiani, ikipita kutoka mukubwa mumoja kwenda kwa mukubwa mwingine. Sisi tulipata gunia la mifupa yenye nyama iliyooza, na siku nane za kazi mpaka ukaguzi. Kazi ya wiki sita.

Nikaweka moto mukubwa. Ndiyo, mimi. Na siku ya kuchuja nikanyoosha mukono kwenye musumari: chujio hakuna. Nikakimbia nyumbani.

"Bibi, chujio la kazi iko wapi?"

"Si nilipeleka Nyantende kwa ndoa ya ndugu yako? Bamama balikuwa nachuja nayo kasiksi."

Kasiksi! Pombe ya ndizi, kwa chujio lililopitisha mbwa, nyoka na popo. Muzee Cirimwami mwenyewe alikuwa kwenye ndoa ile, alikunywa vibuyu vitatu na kuisifu, akasema kasiksi hii iko na nguvu. Mimi pia nilikunywa. Chujio likabaki kule, barabara ilikuwa imekatika kwa mvua, na siku zilikuwa zimebaki tatu. Nikasema moyoni, chui ni munyama mukubwa, mifupa yake ni mikubwa, nini itapotea? Nikamwaga supu kwenye mufereji.

Nikamufunga chui kwa waya. Alitoka muzuri. Siku chache kabla ya sikukuu ikaja komisyo ya kumukagua: watu watatu, na mukubwa wao alikuwa Citoyen Animateur, kazi yake ikiwa kuwafurahisha watu kwa lazima. Alivaa abacost yake safi, ile veste, koti la kuvaa bila kravate. Mwenzake mumoja alibeba picha kubwa ya mifupa ya mutu, waliiomba kwa shule ya wauguzi. Wakaisimamisha kando ya chui, wakaanza kulinganisha. Kichwa, iko. Mbavu, ziko. Halafu kidole cha Animateur kikasimama kwenye picha, chini ya shingo.

"Hapa mutu iko na mifupa mbili. Inatoka kifuani inaenda kwa bega. Kwa chui hakuna. Iko wapi?"

Alikuwa anaonyesha mitulinga. Sisi labo tuliita klavikule. Citoyenne Nankafu akajibu polepole: "Citoyen Animateur, chui haina klavikule kama ya mutu."

"Haina? Nyani iko nayo?"

"Nyani iko nayo. Inapanda, inashika, inafungua mikono. Munyama wa kukimbia, klavikule inamuzuia bega."

"Mbuzi?"

"Mbuzi haina kabisa."

"Kwa hiyo unasema chui iko sawa na mbuzi." Akamugeukia mwenzake. "Andika."

Yule akaandika. Animateur akazunguka chui tena, akasimama mbele yangu. "Mifupa ya chui, bafumu bananunua ya kutengeneza dawa. Nani iko na ufunguo ya hii labo?"

Ufunguo ulikuwa kwenye mukanda wangu, vijana. Niliufunika kwa kiganja. "Deux jours," akasema. "Siku mbili tu. Mifupa ionekane, ama Citoyen huyu aende kuitafutia kwenye cachot, kule gerezani."

Walipotoka, nikamwambia Citoyenne ukweli wote: haraka, chujio, kasiksi, mufereji. Maana kulikuwa na jambo moja mimi na yeye tulilijua. Chui ana klavikule. Iko, lakini ni masalio tu: kijiti kama njiti ya kiberiti, kimezama kwenye nyama ya bega, hakishiki kifua wala hakishiki bega. Ile ya chui yetu ilikuwa imeteremka na maji machafu mpaka ziwani. Kwa hiyo yule Animateur, asiyejua kitu, alikuwa na haki: mifupa miwili ilipotea, na mupotezaji alikuwa mimi.

Alinitukana. Sikujua kama mama yule anajua matusi ya Kishi, lugha yetu ya nyumbani, ya namna ile. Halafu akafuta miwani, akasema, "Bon. Hautafungwa sababu ya njiti mbili za kiberiti. Nitafutie paka."

Paka mumoja alikuwa amekanyagwa na kamio, lori la mizigo, karibu na soko. Nikamuleta. Komisyo iliporudi, Citoyenne alimulaza mezani, akapasua ngozi ya bega mbele yao, akatenga nyama kwa kibano, pole pole, mpaka kikaonekana: kijiti cheupe, kifupi, kinaelea. "Hii ndiyo klavikule ya paka. Ya chui iko vile vile, kubwa kidogo. Bazee yao ya zamani balikuwa nayo nzima. Kwa mbuzi imekwisha, kwa paka inaelekea kwisha. Kwa maji ya kuchemshia inapotea rahisi. Hakuna mutu aliiba."

Nilitaka kulia. Alikuwa ananitoa cachot kwa mikono yake, na ushahidi uko mezani, mutoto angeuelewa.

Animateur aliinama, akaangalia muda murefu. Nikaona ameelewa. Halafu nikaona anaelewa zaidi, kupita tulivyotaka.

"Juu ya nini unanionyesha paka?"

"Juu ni ukoo mumoja, Citoyen. Chui na paka."

"Ukoo."

"Ndiyo. Ndugu."

Kalamu ya mwandishi ikasimama yenyewe. Animateur akasema kwa sauti ndogo sana: "Andika. Labo inasema alama ya taifa ni ndugu ya paka." Akatafakari. "Apana. Usiandike. Mutu akisoma, atauliza sisi tulikuwa wapi wakati inasemwa."

Niwaambie, hapo nilimuonea huruma. Alikuja na wizi wa mifupa, sasa alikuwa na uhaini mikononi, na yeye mwenyewe ni shahidi. Akatembea huku na huku, akaangalia rafu zetu, macho yake yakatua kwenye nyani. Nyani yule nilimufunga mimi, kazi nzuri, klavikule mbili nene na nyeupe kabisa.

"Ile iko na mifupa ya muzuri," akasema.

"Ni ya nyani," akasema Citoyenne.

"Sasa ni ya chui. Chui ya Zaïre iko na kifua." Akatoa karatasi. Ilisema kwamba mifupa ya chui imeonekana, imerudishwa, na munyama amekamilika. Sahihi mbili zilitakiwa: ya mukubwa wa labo na ya préparateur.

Citoyenne akaniita kwenye koridoo. Maneno yake nayakumbuka neno kwa neno. "Zihalirwa, tusiweke sahihi, mimi na weye. Mukoa muzima hakuna mutu mwingine anajua kufunga mifupa. Batakasirika, lakini hawawezi kutuondoa bote bawili. Umesikia?"

"Nimesikia, Citoyenne."

"Uko pamoja na miye?"

"Niko pamoja na weye."

Akaingia wa kwanza, akakataa mbele yao, akatoka kichwa juu. Mimi nikaingia wa pili. Animateur hakunigombeza. Alinipa kiti. Aliniuliza niko na watoto wangapi, nikasema sita. Aliniuliza kama cachot ya pale mujini niliwahi kuiona ndani. Kisha akanisogezea kalamu. Nikaweka sahihi. Nzuri, na mukia chini yake. Sikuchukua hata dakika.

Kumupa chui klavikule za nyani si kazi rahisi, na ninawaambia hili kama fundi. Mifupa ilikataa. Mabega ya chui yamekaa ubavuni ili yateleze mbele na nyuma anapokimbia. Ukisimamisha fimbo kati ya kifua na bega, miguu ya mbele inaachana. Nilitoboa, nikapitisha waya wa shaba ndani kwa ndani, nikaficha ncha kwa chokaa. Chui alisimama ametanua kifua kama mutu anayepimwa abacost. Munyama yule angekimbiza kuku, kuku angemungojea. Sikukuuni watu walicheza mbele yake na hotuba ikasifu kifua chake. Mutu mumoja tu, yule muchimba dhahabu wa Shabunda aliyetuletea gunia, alimuzunguka mara mbili, akaninong'oneza: "Papa, hii chui ilianguka kwa muti?"

Wiki mbili baadaye Citoyenne Nankafu alipata barua. Taifa lilikuwa linamuhitaji haraka, kwenye shule ya sekondari kule Shabunda. Alienda na masanduku mawili ya vitabu juu ya kamio ya chumvi. Sikwenda kumuaga. Nilijificha kwenye chumba cha kuchemshia, na hakuna kitu kilikuwa motoni.

Chui alirudi labo, na wanafunzi wakaanza kumuchora. Mwalimu aliyemurithi Citoyenne alikuwa kijana wa vitabu. Aliona klavikule zile, akashangaa, lakini karatasi ya komisyo ilikuwa kwenye faili. Basi akatafuta sababu. Alifundisha kwamba chui anapanda miti, ndiyo maana amehifadhi mitulinga mikubwa tofauti na paka wengine. Iliingia kwenye daftari. Iliingia kwenye mutihani. Mwanafunzi mumoja aliandika kwamba haiwezekani, akapata sifuri. Mimi nilikuwa nafuta vumbi pembeni, na ufunguo kwenye mukanda, na koleo la kukata waya mufukoni. Kila mwaka nilisema, mwaka kesho nitazitoa. Nilistaafu nikiwa bado nasema.

Citoyenne Nankafu alirudi mara moja tu. Ilikuwa imepita miaka kama mitano, alikuja kuchukua vitabu vilivyobaki. Malaria ilikuwa imemumaliza, miwani imefungwa kwa uzi. Alinisalimia vizuri, akauliza habari za watoto wote sita kwa majina. Kisha akamuendea chui. Mimi nilisimama nyuma yake, nikangoja matusi ya Kishi. Niliyataka, vijana. Nilikuwa nimeyangoja miaka mitano. Akapitisha kidole kwenye klavikule ya kushoto, akafika kwenye bega, akatafuta pale nilipounganisha, akainama karibu kabisa, akatafuta tena.

"Umefunga vizuri, Zihalirwa," akasema. "Waya hauonekani hata kidogo."

Na mimi nikamujibu: "Aksanti, Citoyenne."